Idadi ya Waliofikiwa

Kila mwisho wa robo mwaka, fomu ile ile.
Kisanduku cha saba: *Idadi ya waliofikiwa.*
*Andika tarakimu tu. Usiandike maelezo.*

Ofisi yetu iko chini ya ngazi,
ubavuni mwa chumba cha mitambo ya joto,
jina lake refu kuliko mlango wake:
Ushirikiano na Jamii na Waajiri.
Tuko watatu. Morven, anayejua simu za mji mzima
na huziandika kiganjani;
Fergus, mwenye tai moja ya kuendea kwa matajiri;
na mimi, Sikudhani binti Chambo, wa Korogwe,
ambaye kadi yangu ya kifuani inasema Siku,
herufi zilizobaki zilikosa nafasi.

Kazi yetu ni kubisha hodi.
Hapa Dundee hodi haina karibu yake:
unabonyeza kengele, unasimama na mvua,
unamsikia mtu ndani akipunguza sauti ya televisheni
mpaka uondoke.

Petrie, fundi wa lifti, alitufungulia nusu.
"Chuo," alisema, "huja na karatasi,
huondoka na picha."
Kamera ilikuwa mkobani. Nikaibana kwa kiwiko.
Akauliza kama ninaye kijana asiyeogopa giza.
Nikasema nitatafuta. Sikusema
kwamba mwoga wa giza ni mimi,
giza hili la Desemba, saa tisa na nusu alasiri.

Halafu Lochee, ghorofa ya nne, Bibi Ishbel Gow.
Masikio aliyaacha kiwandani, angali msichana:
mitambo ya juti ilinguruma hata
wafumaji wakajifunza kusemezana kwa midomo.
Akanikazia macho mdomoni, kama asomaye barua ya deni.
Nilipotamka "ushirikishwaji wa wadau"
akacheka:
"Mdomo umetembea sana, haujafika popote."

Basi nikaanza upya. Nikamwambia kwetu ni katani,
babu alikata majani kwa kipande,
mwiba ukamwachia jicho moja.
Akanyamaza. Akafungua kiganja,
akanionyesha pale uzi ulipopita miaka ile yote:
mfereji mwembamba, unang'aa.
Nikaweka changu kando yake. Laini. Kiganja cha kompyuta.
"Haidhuru," akasema,
akanimiminia chai, nyeusi kama lami.

Ni yeye aliyenitajia Rhona,
binti wa ghorofa ya chini,
aliyekoma kuja darasani tangu Oktoba
na usiku hufufua redio za majirani.
Sisi tulikuwa na anwani yake.
Tulishamwandikia mara sita,
na mara sita tulianza: *Mpendwa Mwanafunzi.*

Rhona yuko kwa Petrie sasa, wiki ya tano.
Jana ukaingia ujumbe: *Kachelewa mara mbili.*
Kisha, baada ya chakula cha mchana:
*Lakini ana sikio. Kaisikia kamba mbovu
kabla ya kipimo.*
Fergus akavua tai, akaifunga kwenye kitasa cha dirisha.
Morven akatafuta mahali penye nafasi kiganjani.

Na fomu iko mbele yangu.
Kufika, nilifika; koti langu halijakauka bado.
Kumfikia mtu, sina hakika.
Kufikishwa, ndiyo: bibi kiziwi
alinishika mkono, ngazi kwa ngazi,
akanifikisha kwenye mlango niliokwisha kuupita mara mbili.
Lugha ya mama ina kitenzi kwa kila mmoja wetu.
Fomu ina nafasi ya tarakimu.

Naandika 1.
Nafuta. Mitambo ya joto inakohoa ukutani.
Naandika tena 1,
naituma upesi,
Morven asije akaniuliza ni nani.