Upepo Ulisingiziwa

Kutoka Trelew kwenda kusini, barabara namba tatu,
Pijo langu la mwaka sabini na nane
lilinyooka kama uzi wa fundi mwashi.
Kurudi ndiyo ilikuwa kazi.
Kurudi lilivuta kulia, kulia, kulia,
kama mtoto aliyeona duka la peremende,
nami nikilirudisha kushoto hadi kiwiko kife ganzi.
Nikasema: ni upepo.
Huku kwetu kila kitu ni upepo.
Paa likiondoka, kuku wakipotea,
ndoa ya dada yangu Eluned ikivunjika,
tunaelekeza kidole magharibi, mambo yamekwisha.

Saturnino Antileo hakuelekeza kidole popote.
Alinisikiliza akinyonya majani machungu kwenye kibuyu chake,
kisha swali moja tu:
"Na siku isiyo na upepo?"
Nikacheka. Siku gani hiyo?

Akaingoja. Wiki mbili.
Alhamisi moja ya Juni, saa tatu asubuhi, jua ndiyo kwanza linafumbua jicho,
akapiga simu: "Bendera ya shule imelala. Njoo."

Tulikwenda kusini: likavuta kulia.
Tukageuza: likavuta kulia.
Kumbe upepo haukuwa mwizi.
Ulikuwa shahidi wa uongo:
nikienda unauficha ubovu,
nikirudi unautia chumvi.

Tulipofika kilomita tisini kwa saa usukani ukaanza kutetemeka.
"Huo ni ugonjwa mwingine," akasema,
"usiwalaze wagonjwa wawili kitanda kimoja."
Akabana kiganja kwenye kiti, chini ya paja: kimya.
Akakiweka kwenye usukani, kando ya mkono wangu:
mzinga wa nyuki.
"Mbele, basi. Kanyaga breki. Polepole."
Mtetemo haukuzidi.
"Diski hazijapinda."

Tuliposimama hakugusa spana.
Alichuchumaa, akapima rimu kwa mgongo wa kiganja
kama mama apimaye homa.
Ya kushoto: baridi ya Juni.
Ya kulia: akauondoa mkono haraka, akaupuliza.

Gereji. Jeki. Gurudumu hewani.
Akalishika saa tatu na saa tisa, akalitikisa: tairodi nzima.
Saa sita na saa kumi na mbili: beringi haijambo.
Akalizungusha. Likaenda nusu, likagoma.
Akalegeza nati ndogo ya kutolea hewa,
mafuta yakaruka mara moja, pssi,
na gurudumu likazunguka lenyewe
kama mtu aliyesamehewa deni.

"Mpira wa breki," akasema,
akaukata kwa kisu ili nione.
Nje mweusi, laini, hauna hata ufa.
Ndani umevimba, tundu limebaki la sindano.
Mafuta huingia kwa nguvu ya mguu;
kurudi, hayana wa kuyasukuma.
"Una miaka mingapi?" nikauliza.
"Sawa na gari. Sawa na wewe, nadhani."
Sikumjibu. Alikuwa amekosea miwili.

Na ule mtetemo?
Ndani ya rimu, upande usioonwa na mtu,
kulikuwa na tope kavu, pande kubwa kama mkate,
udongo mweupe wa Dolavon.
Niliijua siku yake. Mwezi Mei, mvua ya siku nne,
tulipokwenda kutia sahihi shamba la baba liuzwe,
na gari likazama langoni hadi ekseli,
na mnunuzi mwenyewe akatusukuma.

Antileo alilibandua kwa bisibisi.
Likaanguka sakafuni zima zima, limepinda kama rimu.
Akalipima mkononi: "Gramu mia tatu.
Inatosha kuling'oa meno gari lolote."
Akafagia.
Nikautazama ufagio hadi mlangoni.

Nililipia mpira miwili, wa kushoto pia
("ndugu pacha, huyu naye anakuja").
Nilitoka saa saba, bendera bado imelala,
usukani umetulia kama sahani mezani.
Sikufika kilomita mbili
nikaona gurudumu la kushoto limepanda mstari wa njano,
linauvuka.
Gari halikuvuta tena.
Nilikuwa navuta mimi.
Lori la kondoo likanipigia honi ndefu, ndefu,
na dereva akaelekeza kidole kichwani mwake.