Kanyaga, Achia

Mei, mvua ikinyesha, niliwafukuza kuku kwenye kiti cha nyuma.
Mmoja alikuwa ameatamia ndani ya sanduku la zana.
Nikamwacha amalize. Pijo iliyongoja miaka ishirini na sita
haifi kwa kungoja siku ishirini na moja.

Nne-sufuri-nne, rangi ya maziwa yaliyochacha,
gia kwenye usukani, madigadi ya kulia imejikunja,
sakafu imetoboka tundu la ukubwa wa sahani.
Jirani: "Mwalimu, mkopo wa sako si unatosha Vitz?"
Unatosha.

Nilianza na kinachosimamisha, si kinachokwenda.
Injini ikigoma, utalala njiani.
Breki zikigoma, utalala kwingine.

Ngoma ya mbele kushoto ilishikwa na kutu.
Nikaipasha moto, nikaigonga, nikaibembeleza,
nikaitukana kwa Kibukusu,
ikaachia Jumapili, watu wakiwa kanisani.
Raba za silinda zilikuwa zimegeuka ugoro.
Mpya zilitoka Kisumu, kwa kijana wa Kibuye
aliyezipima kwa ukucha wa kidole gumba:
"Hizi ni za Pijo, mama, ama si za kitu."

Kisha nikakwama.
Kutoa hewa kwenye breki ni kazi ya watu wawili,
mmoja juu na kanyagio, mwingine chini na spana namba nane.
Bwana yuko Eldoret hadi mwisho wa mwezi.
Watoto, miguu haifiki.
Akabaki mwenye gari, baba mkwe,
aliyenitazama tangu Mei kutoka mlangoni pake
kama mtu anayeona kaburi likifukuliwa.

Kwetu, mimi na yeye hatukaribiani.
Miaka kumi na minne boma moja, hatujapeana mkono;
chai yake hupelekwa na mtoto,
salamu zake hurudi na kikombe.

Alikuja mwenyewe. Alizunguka upande wa pili,
akaingia, akafunga mlango.
Mimi tayari nilikuwa chali juu ya gunia;
kupitia lile tundu niliona soli ya kiatu chake, basi.

"Kanyaga, baba."
"Nimekanyaga."
"Shikilia."
"Nimeshika."
Hewa ikapiga chafya, likaja povu,
kisha mafuta meusi kama chai ya matanga.
"Achia."
"Nimeachia."

Kufikia gurudumu la tatu, neno "baba"
lilikuwa limedondoka mahali, na hakuna aliyeliokota.

Gurudumu la nne, katikati ya "shikilia",
akasema, bila kuulizwa:
"Siku ile, mteremko wa Chetambe. Walisema pombe.
Nilikanyaga. Hapakuwa na kitu."

Mfukoni nilikuwa na paipu ya zamani, ile ya mpira,
ina ufa wa urefu wa punje ya mchele.
Ufa wa siku ile, au wa miaka iliyofuata?
Nafundisha fizikia. Sijui.

Mafuta yalinitiririkia hadi kiwikoni.
"Achia," nikasema.
Soli haikuinuka.
Nikangoja. Kuku akapita.
"Achia."
"Nimeachia."
"Tena."

Tukarudia hadi povu likaisha.
"Imekuwa ngumu," akasema. "Kama jiwe."

Bado plagi, bado tangi lenye kutu, bado kuchomelea sakafu,
bado ukaguzi na bima.
Alitoka akasimama akiutazama mlima,
akauambia mlima, si mimi:
"Kesho ni handibreki. Saa tatu."