Twende Kilioni

Msuko wa kwanza baba aliojifunza ni twende kilioni,
mistari inayolala kutoka kipajini hadi kisogoni,
msuko wa haraka, wa kuwahi msiba,
ila kwetu Pasua hakuna aliyekuwa amekufa.
Mama alikuwa zamu ya usiku, wodi ya watoto,
na Jumatatu mwalimu hukagua vichwa.

Baba alikuwa mwashi.
Simenti haikutoka viganjani mwake hata kwa gwanji.
Alinikalisha kwenye ndoo ya rangi iliyopinduliwa,
akanibana kichwa katikati ya magoti,
akatoa mfukoni, sikudanganyi, uzi wa kujengea,
ule wa kunyooshea kozi za tofali,
akaupitisha juu ya utosi wangu,
akafumba jicho moja.
"Tulia, Aikande. Mstari wa kwanza ukipinda, nyumba nzima inapinda."
Nililia. Akaacha,
akapuliza pale palipouma
kama anayechochea jiko la mkaa.

Ilipinda yote.
Shuleni wakaniuliza, nani kakusuka, fundi ujenzi?
Nikasema ndiyo.

Jumamosi akaenda Mbuyuni,
akasimama mlangoni mwa saluni na kofia yake ya kazi:
"Nifundisheni kuanzia mwanzo. Nitalipa."
Wakacheka mpaka kikopo cha mafuta kikaanguka.
Alirudi Jumamosi tatu.
Nyumbani alifunga katani kwenye kitasa,
akasuka, akafumua, akasuka,
mlango wetu ukapendeza kabla yangu.

Mzee Lyaruu wa kanisani alipita akamwona.
"Anaeli, hiyo kazi si ina mwenyewe?"
Baba hakujibu,
alikuwa ameng'ata chanuo.
Nimeshatunga majibu mengi kwa niaba yake,
na yote ni marefu kuliko ule ukimya.

Mara moja tu alisema, umeme umekatika,
mimi nimeshika tochi, yeye ameshika mimi:
"Babu yako nilimjua kwa kikohozi.
Kikisikika migombani tulinyamaza, hata mbuzi.
Alitulisha. Ada alilipa.
Mkono wake siukumbuki."
Kisha: "Inua tochi kidogo,"
akaendelea na mstari wa nne.

Halafu akaja baba Ndeshi, dereva wa malori ya mahindi,
mkewe alikuwa amekwenda kuuguza mama yake Rombo.
Alisema amekuja kuazima pampu ya baiskeli.
Hakuwa na baiskeli.
Mfuko wa shati ulikuwa na chanuo jipya, karatasi ya bei bado imeganda,
na nyuma ya suruali yake binti, nywele zimesimama
kama kuku aliyenyeshewa.
Baba akapindua ndoo ya pili.

Hata mvua za masika zilipokwisha, ndoo zilikuwa tano.
Jumapili jioni, redio juu ya dirisha, mpira unatangazwa,
wanaume watano wanabishana kuhusu penalti
na kuhusu mafuta ya nazi.
Goli likiingia hakuna anayeruka.
Wameshika nywele.
Utasikia tu "aisee" ya chini kwa chini,
na kichwa cha mtoto kinachovutwa kidogo.
Mama alirudi kazini akatupita wote, viatu mkononi,
akahesabu vichwa kama anahesabu vitanda,
akasema, "Huyu wa mwisho mmemsahau kisogo,"
akaingia kulala.

Sasa naishi Arusha, Sakina, nalipa kusukwa.
Juzi msusi akaniuliza, leo tufanye msuko gani?
Nikamwambia.
Akapunguza sauti: "Pole, umefiwa?"
Hapana, nikasema, baba yangu mzima,
simu hiyo hapo inaita.

Nikamweka spika.
Hakuuliza habari za kazi, wala baridi,
wala nitapanda lini kuja kuwaona.
Aliisikia saluni nyuma yangu, akasita,
kisha akauliza kwa sauti ya mtu aliyefumba jicho moja:
"Hajakaza sana?"