Uzito wa Damu

Damu ni nzito kuliko maji, husema watu,
kisha huenda zao.
Mimi nimeachiwa kiporo cha swali:
nzito kiasi gani?
Kompyuta haishibi methali, hutaka namba,
na namba ya kwanza niliyoilisha
ilifanya ini livuje uji.

Hapa Zabrze, kusini mwa Poland, ghorofa ya tatu
ya kilichokuwa kiwanda cha vipuri vya migodi,
tunamjenga mgonjwa asiyekuwepo.
Ana nyongo, ana ini, ana mshipa mwembamba kama ubua.
Hana miguu. Hana jina.
Hana wa kumjulia hali.

Profesa Halszka Gwóźdź alikuja Jumanne,
akavua viatu, akakanyaga pedali kwa soksi za sufu,
akazamisha uso penye lenzi,
akaushika mshipa, akauvuta.
"Mwongo," akasema. Aliuambia mshipa.
"Huu hauumii. Nyama ikivutwa hubadilika rangi kwanza.
Mkono wangu uko mita tatu kutoka kwenye jeraha,
roboti haiuletei habari yoyote.
Humu ndani, jicho ndilo linalopapasa."

Jicho ndilo linalopapasa:
niliyaandika nyuma ya bili ya gesi.

Jumapili nikaenda kwa mama, Trudka,
miaka arobaini kwenye cherehani,
nikamwomba ashone pindo la pazia, polepole, nitazame.
Kitambaa kilijikunja kuzunguka tundu la sindano
kama paji la mtu anayetaka kusema jambo, akasita.
"Umeona?" akasema bila kuinua kichwa.
"Uzi haukatiki hivi hivi. Huaga kwanza."

Wiki saba niliifundisha nyama kuaga:
ipauke kandokando ya koleo,
ing'ae,
ndipo ichanike.
Kuna siku figo iligeuka zambarau bila kuguswa,
Ksawery akacheka hadi akaimwagia chai kibodi yake.

Kisha akaja Tymon, mwanafunzi wa upasuaji,
mikono mizuri, bigijii mdomoni.
Dakika ya kumi na nne akaupasua mshipa.
Skrini ikajaa wekundu, safari hii wenye uzito wake,
na kidole chake kilikuwa kimeshafika
kwenye kitufe cha Anza Upya.
Nusu sekunde. Ini likarudi likimeremeta.
Akamuua tena. Akamrudisha.
Akamuua.
Hakuacha kutafuna.

Usiku ule sikugusa damu wala rangi.
Nilikiondoa kitufe.

Asubuhi mkurugenzi aling'aka: wateja, ratiba, mkataba!
Tukagawana hasira, kitufe kikarudi,
ila sasa huchelewa dakika nne.
Dakika nne damu hukaa palepale ilipomwagika,
haizoleki,
pedali hazijibu,
na hakuna alama inayotokea, hata ya sifuri.

Tymon ndiye aliyezikuta wa kwanza.
"Imekwama!"
Haijakwama, nikamwambia.
Akatoa uso kwenye lenzi.
Akavaa kiatu kimoja. Akakivua.
Chini, tramu ikapiga kona ikilia chuma kwa chuma,
theluji yenye vumbi la makaa ikadondoka dirishani.
Bigijii ilikuwa imesimama shavuni.

Dakika ya tatu akauliza, si mimi hasa:
"Alikuwa na umri gani?"

Uzito wa damu yake ninao, hadi desimali ya sita.
Umri sikuwahi kuuandika.