Mstari Mmoja Chini

Mbawakavu huyu hana macho.
Kule chini ya Slovenia, ambako mvua imekula chokaa
miaka isiyo na mtu wa kuihesabu,
macho ni mzigo; ukoo wake uliyatua.
Ana rangi ya chai iliyozidi maziwa,
mrefu kama nusu ya punje ya mchele,
na Neža Premru alimkuta juu ya kamba ya nduguye
siku ya tatu ya kumtafuta Vinko.

Vinko hakupatikana.
Mdudu alipatikana, akatiwa katika chupa ya dawa ya kikohozi,
akapanda basi la Ljubljana mfukoni mwa koti.

Majira mawili ya baridi Neža aliinamia hadubini.
Alihesabu vinyweleo, pingili kumi na moja za kipapasio,
akachora zile sehemu za siri ambazo, kwa wadudu,
husema kweli kuliko uso.
Himaya aliijua, faila aliijua, ngeli, oda, familia,
ngazi aliyoishuka kama anayeshuka pangoni,
kamba kiunoni, mpaka jenasi.
Chini yake palikuwa giza.
Pale gizani akaandika: vinkoi.
Yaani, kwa Kilatini cha kuazima, wa Vinko.

(Nakumbuka sarufi inavyopanga:
kaburi huingia LI-YA, kamba I-ZI,
lakini marehemu tunamwacha A-WA,
pamoja na mdudu, pamoja na sisi.
Amelala, tunasema. Hatusemi limelala.)

Miaka thelathini na minne.
Kisha Gašper, kijana wa droo za chini,
akarudi kutoka Trieste na nakala ya kurasa mbili
za jarida lililokufa kabla ya vita vya kwanza.
Mistari minne ya Kilatini. Mchoro mbaya.
Mdudu yuleyule, pango la jirani, jina: pallidulus.
Alizificha wiki nzima ndani ya kamusi.
Alhamisi akaziweka mezani kwake, karibu na kikombe,
akajifanya anatafuta pini.

Neža alisoma akiwa amesimama.
Alivuta droo, akamtoa yule wa kwanza, mwenye lebo nyekundu,
akamtazama kana kwamba hajawahi kumwona.
Saa nzima. Halafu:
"Miguu ameikosea. Lakini ndiye."

Sheria ya fani hii haina huruma wala chuki:
jina lililotangulia kuchapishwa ndilo jina.
Haiulizi nani alilia akiandika.
Gašper alitaka tungoje, tutafute tofauti,
hata unywele mmoja.
"Unywele mmoja," Neža alisema, "ndipo uongo unapoanzia."
Makala aliiandika mwenyewe, aya tatu, bila kivumishi.

Ila fani hii haina kifutio pia.
Jina lililoshindwa haliondolewi katika orodha;
hushushwa mstari mmoja, husogezwa ndani kidogo,
na atakayemwandika mdudu huyu sawasawa,
karne ijayo, mtu tusiyemjua,
atapaswa kushuka mpaka pale na kunakili:
vinkoi, Premru, mwaka.

Lebo mpya ilikatwa kwa mkasi wa kucha.
Ya zamani haitupwi, ndiyo desturi;
zote mbili huchomwa pini ileile.
Neža aliisukuma mpya hadi ikagusana na ile ya Vinko,
akafunga droo,
akamuuliza Gašper kama amekula.