Hakuna la Kuripoti

Miezi kumi na moja, wanaume sita na kuku mmoja,
juu ya jabali fupi kuliko jukwaa la stesheni ya Kigoma.
Ramani ilikiita kisiwa. Sisi tulikiita Sahani,
kwani kilikuwa bapa, cheupe kwa mavi ya ndege,
na juu yake hakukuwa na chakula.

Boti ya posho ilitushusha asubuhi ya mvua:
magunia ya unga, pipa la mafuta ya taa, redio,
na darubini yenye jicho moja zima.
"Tazameni ng'ambo," akasema afande, akageuza boti.
Ng'ambo ni milima ya Kongo. Tukaitazama.
Nayo, nadhani, ikatutazama.

Zamu yangu ilianza saa nane za usiku.
Giza la ziwani si kama giza la nyumbani;
la nyumbani lina kuta.
Usiku wa kiza wavuvi wa dagaa waliwasha karabai
na maji yakageuka mji,
wenye mitaa, wenye vicheko, wenye mtu anayemtukana shemeji yake.
Alfajiri taa zikazimwa moja moja
tukabaki na redio yetu, inakoroma.

Koplo Lidunda, Mmakonde wa Newala, hakujua kuogelea.
Alilala na kamba kiunoni, ncha ya pili kwenye jiwe:
"Nisije nikaamka nimekwisha ondoka."
Tulimcheka hadi usiku wa dhoruba ya kwanza.
Kisha sote tukatafuta kamba.

Kuku aliletwa kwa ajili ya Idi.
Idi ikafika, kisu kikanolewa,
naye akataga yai ndani ya kofia ya Sajenti Kasubi.
Tangu hapo akaitwa Luteni,
na, aibu kusema, wapo waliompigia saluti.

Kitabu cha zamu kilikuwa na mistari myekundu.
Kila kulipokucha niliandika, kwa mwandiko wa shule ya misheni,
*Hakuna la kuripoti.*
Mara mia tatu na ushei.
Moja kati ya hizo ni uongo.

Usiku huo upepo ulikaza, wavuvi hawakutoka.
Nikasikia kasia.
Halafu kikohozi, cha mtoto,
kikizibwa kwa kiganja.
Mtumbwi ulipita chini ya jabali, karibu mno:
ningeangusha kofia ingetua mapajani mwa mtu.
Mwanamke akasema neno moja kwa Kirundi,
neno ambalo hata Kiha cha mama yangu kinalo:
*Hora.*
Nyamaza.

Amri ilikuwa wazi. Chombo kisicho na taa,
toa taarifa papo hapo.
Kidole changu kilikuwa juu ya swichi.
Nikanyamaza mimi.
Mpaka leo sijui neno lile aliambiwa nani.

Sasa nina kibanda Mwanga, natengeneza redio.
Lidunda alizikwa kwao, mbali na maji;
barua ilichukua miezi miwili kunifikia.
Na wavuvi wanasema ziwa limepanda,
Sahani haionekani, ila mlingoti wa bendera
na ndege mmoja juu yake, kama yuko zamu.

Saa nane usiku huamka bila saa.
Mkiwa, mke wangu, aliacha kuuliza.
Husogea tu ukutani, nipate pa kukaa.
Nimwambie nini? Kwamba nalilia jabali nililolilaani?
Kwamba wali wake hauna mchanga?

Mchana wateja hukohoa;
vumbi la Mwanga halina adabu.
Wengi nawapa redio zao, nachukua pesa, basi.
Lakini wapo ninaowatazama kupita kiasi,
na chini ya meza, huku bunduki ya risasi ya kulehemu inapoa,
nahesabu umri wao kwa vidole.