Mtungi wa Magoti

Fundi wa lifti anayepanda ngazi:
hivyo ndivyo walivyokutania, Kuanren, nawe hukukana.
Chongqing imejengwa juu ya magoti ya watu.
Lifti ikifa, nani atakupandisha ukaifufue?
Ghorofa ya kumi na tisa, kisanduku cha spana begani,
na usiku magoti yakalia kama bawaba kavu
hadi nami nikakosa usingizi.

Jumamosi moja ukaja na mtungi wa kioo,
mpana kama kiuno cha mama yako
(ulisema wewe, si mimi),
na dumu la pombe ya mtama kutoka kwa Bi. Pu, nyuzi hamsini na sita,
kali hivi kwamba nzi aliyetua mfunikoni
aliondoka akipepesuka.

Tukatandaza gazeti jikoni.
Dangui, yenye harufu ya supu na udongo uliolowa.
Goji, nyekundu kama macho ya mlinzi wa zamu ya usiku.
Kunazi kavu, makunyanzi matupu. Mdalasini. Sukari mawe.
Jinsengi moja tu, kwa kuwa mshahara nao ulikuwa mmoja.
Na gome la duzhong: ulilivunja mbele ya uso wangu,
vipande viwili, na katikati nyuzi nyeupe,
nyembamba kuliko utando wa buibui,
zikivutika, zikikataa.
"Tazama," ukasema, "limevunjika na halijaachana."
Nikakuambia: acha mashairi, pima sukari.

Ukapima kifundi. Hukutaka kusikia habari za kukadiria kwa macho.
Ukaandika juu ya plasta, ile ya vidonda,
tarehe, uzito, na neno moja: MAGOTI.
Kisha gizani, uvunguni, miezi mitatu.
Nikaulalia mtungi wako kama kuku.

Kikombe kimoja baada ya chakula cha jioni,
kidogo, hakimtoshi hata panya.
Yalipona? Sijui.
Ulikuwa ukiinuka mezani unacheka,
na anayecheka hahesabu ngazi.
Nawe ukaweka sheria: kikitoka kikombe, kiingie kikombe,
mtungi usije ukaiona chini yake.
Haba na haba hujaza kibaba, wamesema;
hawakusema kibaba kikijaa
atakinywa nani.

Ulikufa kwa moyo.
Magoti yalikuwa mazima siku ile,
niliyaosha mwenyewe.

Mzee Teng wa duka la mitishamba alikuja, akanusa, akakunja pua.
"Mizizi imechoka, Bi. Ou.
Hii ni pombe iliyovaa koti la dawa. Mwaga, uanze upya."
Sikumwaga.
Nilitoa dangui yako, nikatia changa.
Mwaka uliofuata goji, kisha kunazi.
Jinsengi niliichelewesha; ilitoka imepauka
kama mgonjwa aliyesahauliwa wodini,
nikaila, chungu, nimesimama karibu na sinki.
Sasa nikipiga hesabu, hata mtama ni wa mwanawe Bi. Pu.
Chako kimebaki plasta, na wino wake unakimbia,
na gome.
Juzi nililitoa kipande, nikalivunja.
Nyuzi zilikuwapo.
Nikalirudisha, nikafuta mikono kwenye aproni.

Leo lifti imekufa tena.
Saa nane mlango ukagongwa: kijana, jasho mpaka kwenye mkanda,
kisanduku begani, anaomba maji.
Jina lake Yue Jiahao, kazini wiki ya tatu.
Nilimwona alivyoketi, polepole,
mkono ukitangulia kuushika ukuta.

Nikafungua mtungi. Kikombe kikatoka, kikombe kikaingia.
Alikinusa kwa adabu, akaniuliza ni dawa ya nini.
"Goti lipi?" nikamwuliza.
Akatazama chini kwa aibu,
akanionyesha yote mawili.